Grafu ya Ng'ombe Wasiohesabiwa

Nimetoa sifuri nyingi katika kazi hii, na nyingi zilistahili. Moja inanikera mpaka leo. Nilimpa binti wa kidato cha tatu, kwa kalamu nyekundu, kwenye karatasi iliyobeba swali moja tu: yeye mwenyewe atamaliza shule, au ataozwa kabla? Swali lilikuwa mbele ya macho yangu, limechorwa kwa rula, na mimi mwenye shahada ya kufundisha hisabati sikuliona.

Nianze na hasira zangu, maana ndizo zilizoleta yote.

Mimi si mtu wa Tarime. Nililetwa na barua ya serikali kutoka Njombe, nikapangiwa shule ya kata iliyo kati ya mji na vijiji vya upande wa mgodi wa dhahabu. Darasa moja lina wanafunzi themanini na kitu. Walio mbele wananisikia, walio nyuma wanaisikia bodaboda inayopita barabarani. Somo lenyewe tunalifundisha kwa Kiingereza, watoto wanalijadili kwa Kikurya, na mimi niko katikati na Kiswahili changu na chaki mkononi.

Mwaka ule tulifika mada ya grafu. Wakachora. Sisemi uongo, walichora vizuri. Ukiwapa y ni sawa na mbili x jumlisha moja, wanatengeneza jedwali, wanaweka nukta, wanapitisha rula, mstari unanyooka mpaka unaona raha. Siku moja nikaugeukia ubao, nikauliza, "Huu mstari unatuambia nini?"

Wakainamia madaftari yao.

Kijana mmoja mwenye kujiamini akasimama. "Madamu, unatuambia y ni sawa na mbili x jumlisha moja."

Nikauliza tena kwa namna nyingine. Ukitembea juu yake kutoka kushoto kwenda kulia, unapanda au unashuka? Baadhi wakatazama dari. Hawa ni watoto wanaopanda vilima kila asubuhi kuja shuleni, miguu yao inajua mpando kuliko yangu, lakini mpando ukiwekwa ubaoni wanaufanya mgeni. Niliwaka. Niliwaambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kisha nikatoka nje kupumua.

Ndipo nikaja na wazo la mradi. Kila mmoja achague kitu kinachobadilika nyumbani au kijijini kwake, akifuatilie, achore grafu yake, kisha aje atuambie inasema nini. Niliamini kwamba mtu akichora kitu anachokijua, atauona mstari unaongea. Nilitaka angalau mmoja darasani auone.

Mwalimu wa taaluma alinisikiliza huku anakagua madaftari. "Dada yangu," akasema, "hawa wanahitaji kusolvu pasti pepa. Mtihani hauulizi habari za nyumbani kwao." Mkuu wa shule naye akasema karatasi za grafu hazimo kwenye bajeti. Nikanunua mwenyewe mjini, mabunda mawili, nikazibeba mapajani kwenye bodaboda.

Baada ya wiki nne kazi zikaja, na hapo ndipo nilipojua kwamba bado sijakasirika maishani.

Wanafunzi thelathini na mmoja walipima urefu wa mmea wa mhindi. Mihindi yote thelathini na moja iliota sentimita mbili kila siku, Jumapili na siku za jua kali zikiwemo, bila hata mmoja kuchelewa. Mahindi ya darasa langu yalikuwa na nidhamu kuliko wenyewe. Walichora mstari kwanza, kisha wakatafuta namba za kuulisha. Kijana aliyekwenda kwa shangazi yake Sirari alihesabu malori yanayovuka mpaka. Hiyo kazi niliipenda, mpaka nilipoona amepitisha rula kwenye nukta zake na kuirefusha mpaka ukingo wa karatasi, ambako siku ya mwisho malori yalikuwa hasi matatu. Nikamwuliza malori hasi matatu yanafananaje. Akafikiri kwa dhati kabisa, akasema, "Yanarudi Kenya, madamu." Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Mwanafunzi wa Kewanja, kijiji cha kando ya mgodi, alichora siku ambazo mgodi unapiga baruti, akasahau kuandika ni kipi kinapanda na kipi kinashuka, na yeye mwenyewe hakukumbuka.

Nilisahihisha nikiwa ofisini, chai imepoa mbele yangu, na kwenye rundo hilo ndipo nikakutana na karatasi ya yule binti.

Alikuwa anakaa dawati la pili kando ya dirisha. Hanyooshi mkono. Ukimwuliza anajibu kwa sauti ya chini, na jibu ni sahihi, kisha anainama tena. Kichwa chake kizuri, nilikuwa nimeshakiona tangu kidato cha pili, na nilijiwekea moyoni kwamba huyu atafika mbali. Nilipoona jina lake nikakaa vizuri kitini.

Kwenye mhimili wa chini alikuwa ameandika misimu, kiangazi na masika, kuanzia alipokuwa darasa la tano. Sawa. Lakini mhimili wa wima haukuwa na namba hata moja. Juu ya kila msimu alikuwa amepanga vijumba vidogo, kimoja juu ya kingine, na ndani ya kila kijumba ameandika maneno kwa herufi ndogo kama sisimizi: mwekundu, mweusi mwenye baka, wa kijivu, aliyevunjika pembe, mama wa kijivu. Juu ya safu hizo alipitisha mstari mzito uliokwenda kama ngazi, bapa, unapanda wima, bapa, unashuka wima, bapa tena. Kichwa cha habari kilisema: Ng'ombe wa nyumbani.

Tulikuwa tumetumia wiki mbili nzima kujifunza kugawa mhimili. Nilikuwa nimekataza ngazi mara kumi, nimewaambia nukta zinaunganishwa. Na sasa mwanafunzi ninayemtegemea ananiletea grafu yenye rangi za ng'ombe badala ya namba. Nikaandika kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi: "Grafu bila namba si grafu. Unganisha nukta zako! 0."

Siku ya kurudisha kazi, alipokea karatasi yake kwa mikono miwili, akaiangalia, akaikunja. Hakulia wala hakununa. Hilo nalo likanikera. Wakati wa mapumziko nikamwita ofisini.

"Nieleze," nikamwambia. "Wewe si mjinga. Kwa nini hujaweka namba?"

Akasimama na mikono nyuma. "Madamu, ng'ombe za baba hazihesabiwi."

"Hazihesabiwi na nani?"

"Na mtu yeyote. Ukihesabu mali ya mtu kwa mdomo au kwa kuandika, unaiita balaa. Hata mama hahesabu. Tukiwarudisha jioni tunawajua kwa rangi. Asipoonekana mwekundu, tunajua ni mwekundu."

Miaka minne nilikuwa nimekaa pale, nimekula harusi zao na kulia kwenye misiba yao, na sikuwahi kuambiwa hilo kwa sababu sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nimewaambia watoto wachague kitu cha nyumbani, kisha nikadai kiletwe kwa masharti yangu. Yeye alitafuta njia ya kupita katikati: urefu wa safu unaonekana kwa macho, na hakuna namba iliyotamkwa.

"Na hizi ngazi? Nilisema muunganishe nukta."

"Nikiunganisha itakuwa uongo, madamu." Alisema taratibu, kama anayeogopa kunikosea. "Mstari ukipanda kwa mshazari inakuwa kama ng'ombe waliingia kidogo kidogo. Hawakuingia kidogo kidogo. Jana yake hawapo, kesho yake wapo, wote."

Nilikuwa nimetafuta jambo hilo mwaka mzima. Nilikuwa nimelipigia kelele, nimelinunulia karatasi, na lilipokuja nikalipa sifuri. Roho iliniuma na nikaona aibu, na kwa kuwa mimi ndivyo nilivyo, aibu ikageuka hasira tena. Nikavuta karatasi, nikaitandaza mezani kwa fujo.

"Basi isome. Niambie inasema nini."

Akaweka kidole kwenye ngazi ya kwanza inayopanda. "Hapa dada mkubwa aliolewa. Hawa wote juu ni mahari yake." Kidole kikaenda mbele, kikashuka. "Hapa kaka mkubwa alioa. Wakatoka." Kikapanda tena. "Dada wa pili." Kikatelemka kidogo. "Hapa waliibwa wawili, wakafuatwa, hawakupatikana." Kisha kikafika mwisho, kwenye safu iliyopungua, na mstari uliolala bapa.

"Na hapa?" nikauliza.

"Kaka wa pili amepata mchumba tangu Juni. Waliobaki hawatoshi mahari." Alitoa kidole kwenye karatasi. "Hapo mbele ni mimi, madamu."

Kengele ya kumaliza mapumziko ililia, akaomba ruhusa, akaenda darasani kuwahi Baiolojia.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikiwa na karatasi mkononi, na hapo nikaanza kupoteza wiki mbili nyingine. Mkuu wetu si mtu mbaya. Anachoka tu, na akichoka anakuwa mtu wa taratibu. Aliigeuza karatasi, akaiangalia juu chini. "Ushahidi ni huu?"

"Ni huu."

"Mwalimu, hii ni kazi ya hesabu uliyoipa sifuri. Si barua ya posa. Mzazi hajasema kitu. Binti hajalalamika. Nikiripoti kwa mtendaji nitasema nini, kwamba mstari umelala?"

"Ndiyo," nikasema. "Mstari umelala na kaka ana mchumba. Unataka mpaka waje na ng'ombe ndipo tuanze kuandika barua?"

Akaniambia nitulie. Hakuna neno linaloniudhi kama hilo. Kila asubuhi nilikuwa naingia ofisini kwake, kila asubuhi ananiambia analifanyia kazi, na kila asubuhi nikiingia darasani macho yangu yanakwenda dawati la pili kando ya dirisha kabla sijaitikia salamu. Mwalimu wa taaluma akanitania kwamba mradi wangu wa grafu umegeuka kesi. Nilimjibu vibaya. Baadaye nikamwomba radhi, kwa sababu tunakaa meza moja.

Mwishowe mkuu alimwita baba yake kwa kisingizio cha taarifa za mtihani wa taifa. Alikuja Ijumaa asubuhi, mwanamume mrefu wa makamo, koti juu ya bega, gumbuti zina tope. Nikampa shikamoo, akaitika, akakaa. Binti akaitwa, akasimama karibu na mlango. Mkuu akaanza kuzunguka, habari za mvua, habari za mazao, habari za michango ya madawati, mpaka nikashindwa kuvumilia. Nikaitoa karatasi, nikaiweka mbele ya mzee.

Lilikuwa kosa. Nililijua mara tu nilipomwona uso.

"Nani amehesabu ng'ombe zangu?"

Hakupaza sauti. Alimwuliza mkuu, alimwuliza dirisha, hakuniangalia mimi. Mkuu akaniangalia mimi. Nikafungua mdomo nieleze habari ya mradi, nia njema, elimu, na kila neno lilizidi kuharibu. Mimi nilikuja kusema habari ya mtoto wake, yeye alitaka kujua nani ameita balaa nyumbani kwake. Akashika mkono wa kiti ainuke.

"Sikuhesabu, baba," binti akasema kutoka mlangoni. "Niliandika rangi tu. Hakuna namba. Angalia mwenyewe."

Mzee akabaki amesimama nusu. Akaivuta karatasi. Akaitafuta hiyo namba, juu, kando, katikati, akakuta sifuri yangu nyekundu peke yake pembeni. Nilitamani kuificha kwa kiganja.

Akakaa.

Kisha jambo likatokea ambalo sikulitegemea, na linaniudhi kila nikilikumbuka, kwa sababu nimesoma miaka mingi kujua kulifundisha. Alianza kusoma. Hakuuliza mhimili ni upi. Kidole chake kinene kilipita chini ya misimu, kikapanda safu, kikashuka. Midomo yake ilikuwa inataja rangi kimyakimya. Kwenye ngazi ya dada mkubwa alitabasamu kidogo. Kwenye wizi alitoa sauti ya puani. Akarudi nyuma, akagonga kijumba kimoja.

"Huyu mwenye baka msimu huu hakuwepo. Alikufa kwa ugonjwa wa ndigana kabla ya masika. Umekosea."

"Nitamfuta, baba," binti akasema.

Kama ningekuwa nimepata nilichokitaka, kama angefuata maelekezo yangu na kujaza namba kwenye mhimili, yule mzee angekuwa ameshapita geti la shule na bintiye ameshikwa mkono. Nilikaa pale nikilijua hilo, na hapakuwa na mtu wa kumfokea isipokuwa mimi.

Kidole kikafika mwisho wa mstari uliolala. Hakikuendelea. Mzee akatazama nafasi nyeupe iliyobaki upande wa kulia, kisha akamtazama binti yake, kisha akairudia ile nafasi. Hakuna aliyemweleza ni nini. Mkuu akaona ndiyo nafasi yake, akaanza kutaja sheria, miaka ya jela, mtendaji wa kata. Mzee akainua mkono.

"Mimi sijasema naoza mtu."

"Ndiyo, mzee, lakini—"

"Mtihani wao wa mwisho ni lini?"

"Novemba ya mwakani."

Mzee akainama tena. Akaweka kidole pale mstari ulipoishia, akakisogeza kulia, taratibu, bapa, bila kupanda wala kushuka, kiangazi, masika, kiangazi tena, akakisimamisha. "Mpaka hapa," akasema. "Kaka yake atangoja. Nitamwambia mimi." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha, kidole kile kile kikapanda juu wima, hewani, kikaacha karatasi.

Akaaga. Mkuu alinipa mkono kwa furaha ya kweli. "Umeona? Umeshinda, mwalimu! Angalia sasa, mtoto amepata mwaka mzima!" Walimu wenzangu waliposikia wakanipongeza, hata wa taaluma akasema mwakani labda tufanye mradi tena, ila mfupi. Nilitabasamu kwa meno tu. Mimi nilikuwa nimekiona kidole kilipopanda.

Nilimfuata binti korido ya nyuma. Alikuwa ameegemea ukuta, karatasi imefunguliwa, anakifuta kijumba cha yule mwenye baka kwa kifutio kilichoisha. Nikamwambia pole. Nikamwambia ile sifuri nimeifuta kwenye daftari langu, nimempa alama zote. Akashukuru kwa heshima, kama mtu anayepokea kitu asichokihitaji siku hiyo.

"Madamu," akasema, "nikifaulu, kidato cha tano wanaripoti mwezi gani?"

"Julai."

Akaweka karatasi chini. Akahesabu kwa vidole, kwa sauti, mbele yangu: Desemba, Januari, Februari, Machi, Aprili, Mei, Juni. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akahamia mkono wa pili. Akaviangalia vyote saba vilivyonyooka.

"Miezi yote hiyo nitakuwa nyumbani," akasema.